Propela ya Gari la Kijivu

Jumatatu, saa kumi na nusu alfajiri, mvua ikimwagika kama iliyotumwa, gari jipya la Derlis Cañete lilikwama katikati ya mlima wa Potrero Pytã. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakirusha tope jekundu hadi kwenye vioo. Ya nyuma yalitulia tuli, kama ng'ombe aliyelala akakataa kuamka.

"Panda, mama, panda," Derlis alilibembeleza gari. Kisha akaupiga usukani kwa ngumi. "Panda, shetani wee!"

Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yake, Ña Wilfrida, na mapajani pake kililala kichwa cha mjukuu wake Nimia. Nimia alikuwa na miaka tisa. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa lazima afikishwe Asunción, kwenye mashine ya kusafisha damu, mapema asubuhi. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu jana. Bibi akiibonyeza, alama ya kidole ilibaki pale pale, haifutiki.

"Bibi, tumefika juu?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Trekta la jirani liliwavuta kulipokucha. Walifika hospitali wamechelewa mno, kiti cha Nimia kimeshapewa mwingine. Muuguzi alihangaika akawapatia nusu ya muda, akamvuta Ña Wilfrida pembeni.

"Ña Wilfrida, Jumatano msichelewe. Mtoto huyu hana akiba mwilini. Umenielewa?"

Alielewa. Na redio ya hospitali ilikuwa ikisema mvua itaendelea wiki nzima.

Gari lile hawakulinunua kwa pupa. Mama yake Nimia, aliye Uhispania akiwalea wazee wa watu, alikuwa ametuma alichotuma, na familia ikazunguka kwenye yadi ya magari ya Don Cirilo Franco kama watu wanaochagua bi harusi. Yalikuwa matatu, yote madogo, yote yameinuka juu ya ardhi. Jekundu la Brazili lilikuwa zuri kama pipi, lakini linavuta kwa magurudumu mawili tu. La fedha, la Kikorea, lilikuwa na injini ya dizeli yenye nguvu na kiti kipana cha nyuma. Ña Wilfrida mwenyewe alikipima kwa kulala juu yake na viatu vyake, wauzaji wakicheka. Na lile la kijivu, la Kijapani, lilikuwa limepitia Chile na kuhamishiwa usukani upande wa kushoto, lakini kijiti cha taa za kugeukia kilibaki upande usiozoeleka. Kila ukitaka kukunja kona, unawasha waipa.

"Chukueni la kijivu," alisema Arsenio Ovelar, fundi wao, akitoka chini ya gari anajipangusa mgongo. "Linavuta kwa magurudumu yote manne. Na vipuri vyake navijua hata nikifumba macho."

Ña Wilfrida alilitaka la fedha. Lakini Arsenio alikuwa baba wa ubatizo wa Nimia, kompadre wa nyumba ile. Mkewe Blásida, madrina wa Nimia, yaani mama wa ubatizo, ndiye aliyejitolea kumpa mtoto figo moja, akaenda kupimwa mwezi uliopita, na majibu yalikuwa hayajatoka. Neno la watu kama hao halipingwi. Alhamisi wakalijaribu la kijivu mlimani, kwenye tope, likapanda kama mbuzi. Ijumaa likaja nyumbani.

Sasa, Jumatatu hiyo, mziba pancha wa karibu na hospitali alilala chini yake na tochi, akatoka ameduwaa.

"Bwana, propela iko wapi?"

"Propela gani?" aliuliza Derlis.

"Ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Haupo. Umefunguliwa. Tazama mwenyewe, bolti zake zimerudishwa mahali pake, zinang'aa, hazina hata tope kavu. Na mahali ulipochomekwa pamezibwa ili oili isivuje."

Ña Wilfrida alipiga magoti katika lami iliyolowa. Zamani alikuwa mpishi wa kituo cha polisi, miaka kumi na minane, na sufuria zake zilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha mahojiano. Alijifunza humo kwamba mwizi huacha nyuma kile alichokijali. Akanyoosha mkono akakigusa kizibo. Kilikuwa kitambaa cha samawati, upande mmoja pamba, upande mmoja nailoni, kimefungwa kwa waya kwa unadhifu mkubwa.

Alikijua kitambaa hicho. Ndicho wanachotandikiwa wagonjwa kwenye mashine ya damu.

Alimwomba mziba pancha amfungulie, akakitia mfukoni, na tundu wakaliziba kwa kipande cha mpira.

Njiani kurudi, Derlis alisimamisha gari kwenye yadi, akamshika Don Cirilo ukosi wa shati.

"Umeniuzia gari lililotolewa utumbo! Mwanangu angefia mlimani!"

"Niache nipumue, Derlis! Nipumue nikujibu!" Don Cirilo alitoa simu yake mfukoni. "Sikiliza. Jumamosi. Sauti yako hii, siyo?"

Kutoka kwenye simu Derlis mwenyewe alisikika akipiga kelele, mvua na honi nyuma yake: *Don Cirilo, limepanda! Kijiji kizima kimetoka kupiga makofi! Limepanda mara mbili!*

"Bila propela lingepanda?" aliuliza Don Cirilo, akijinyoosha ukosi. "Tangu Ijumaa mimi sijaligusa. Mwizi wako, kijana, mtafute nyumbani kwako."

Ña Wilfrida alihesabu kimya kimya. Jumamosi mchana propela ilikuwapo. Jumapili saa tatu padre alilibariki gari mbele ya kanisa, utepe mweupe kwenye boneti. Kisha wakala, kisha jua likawaka, na kila mtu akalala. Hapo ndipo penyewe. Siesta. Saa ile ambayo hata kuku hawatembei, na watoto huambiwa kuna kiumbe cha nywele za dhahabu kinachoiba wanaozurura. Usiku watu wa Potrero Pytã hufunga milango na kutega sikio. Mchana huacha kila kitu wazi, kwa sababu nani atatoka kwenye joto lile?

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha mabati. Na nyumba ilikuwa na watu watatu tu.

Jioni alimkuta Derlis ameketi jikoni, uso ndani ya viganja. Ijumaa, mwanaye huyu alikuwa ametamka maneno mazito: *Mlima huu utaniua, mama. Mimi nimechoka.* Na vitambaa vya samawati, nani mwingine kijijini alikuwa navyo?

Aliweka kitambaa mezani.

"Derlis. Jumapili ulilala?"

Derlis alikitazama kitambaa, kisha akamtazama mama yake. Alielewa polepole, kama mtu anayechomwa kwa maji ya moto juu ya ngozi iliyokufa ganzi.

"Unaniuliza kama nimemwibia mwanangu njia ya kwenda kupona?"

"Nakuuliza kama ulilala."

"Nililala, mama! Nililala kama maiti! Nikilala sioni miguu yake!" Alikisukuma kitambaa mbali naye. "Ungeniua tu, kuliko kuniuliza."

Mlangoni alisimama Nimia, ameshika ukuta. Hawakujua amesimama tangu lini.

"Bibi, hicho si changu."

"Rudi kitandani, malaika wangu."

"Si changu. Vyangu vina maua."

Ña Wilfrida alikaa chini. Kweli. Kila Nimia alipofungwa kwenye mashine, alichora maua kwa kalamu kwenye kitambaa chake, hajawahi kuacha hata kimoja bila ua, hadi wauguzi wakawa wanamwita Bustani. Alikikunjua kile cha mezani, akakigeuza huku na huku. Oili, tope. Hakuna hata jani.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Derlis. Derlis alimwekea mama yake mkono begani, akauacha hapo.

Kabla giza halijaingia alikuja Arsenio, kama alivyoombwa. Alilala chini ya gari muda mfupi tu, akatoka akitikisa kichwa.

"Ni yule Cirilo, kompadre. Aliitoa Alhamisi usiku, baada ya nyinyi kulijaribu, kabla hajawakabidhi. Hawa wa yadi ndivyo walivyo."

Derlis alifumbua mdomo. Ña Wilfrida alimkanyaga mguu.

"Yaani tangu Ijumaa lilikuwa halina?" aliuliza kwa upole.

"Tangu Ijumaa, Ña Wilfrida."

"Na wewe Jumamosi ulikuwa gereji?"

"Siku nzima. Nitakwenda wapi, na kazi zote hizi?"

Gereji ya Arsenio iko chini kabisa ya mlima. Magari yote hupita mlangoni pake. Jumamosi watu walisimama hapo hapo wakipiga makofi, na honi ililia hadi bonde likaitikia.

"Pole kwa jasho, basi," alisema Ña Wilfrida. Alimletea jagi la tereré, maji baridi yenye barafu na mnanaa, kitu ambacho ndani ya nyumba ile hakikuwa kimeonekana tangu Nimia akatazwe kunywa maji. Arsenio zamani alikuwa ndiye mmiminaji wa kijiji. Hakuna aliyejua kumsimamisha akishaanza kunywa.

Alisukuma kikombe taratibu. Akaingiza vidole ndani ya jagi, akatoa kipande kidogo cha barafu, akakitia mdomoni. Akakinyonya, macho chini.

Vivyo hivyo ndivyo walivyofanya Ña Wilfrida na Derlis tangu Nimia alipokatazwa maji. Mtu huacha kunywa kwa sababu mbele yake kuna anayekufa kwa kiu.

"Kompadre wangu," Ña Wilfrida alisema, "Blásida hajambo? Majibu bado?"

"Bado," alisema Arsenio, akachukua kofia yake.

Alipotoweka, Derlis aligeuka. "Mama, amedanganya! Niache nimfuate!"

"Ukimfuata leo atakana. Subiri kesho."

Jumanne mchana Ña Wilfrida alibeba kigoda, akashuka hadi gereji, akaketi mlangoni chini ya mwavuli. Gereji ilikuwa imefungwa. Mvua ilinyesha. Juu ya tope palikuwa na alama za magurudumu manne, yote yamechimba, yakielekea mlimani. Arsenio alikuwa na gari moja tu, jeupe, kuukuu, la kiwanda kile kile kilichotengeneza la kijivu.

Saa kumi jeupe lilishuka. Kwanza alitoka Arsenio, akamwona, akasimama kama aliyepigwa msumari. Mlango wa pili ukafunguka, akatoka Blásida. Alikuwa amekonda, rangi ya majivu, na juu ya kiwiko chake kulikuwa na bandeji mbichi.

Ña Wilfrida aliitambua ile bandeji ya mashine ya damu kabla hajaitambua sura.

"Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," alisema. "Sisi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ndiyo maana hatukukutana."

"Ingieni ndani, mnalowa," alisema Blásida, akaanza kulia.

"Nitaingia akinijibu huyu. Arsenio, propela ya mjukuu wangu iko chini ya gari hili?"

"Iko."

"Umemwibia mtoto uliyemshika kwenye maji ya ubatizo."

"Yangu ilikatika Jumamosi, tukirudi, na hili bila propela halitembei hata pakavu. Ukweli wa Mungu, nilifikiri mvua itarudi Jumatano, nami ningekuwa nimeshairudisha! Leo, yeye akiwa kwenye mashine, nilikwenda kununua nyingine. Nimezunguka maduka yote. Hakuna. Wanasema hadi iagizwe Chile." Alipiga magoti kwenye tope, mtu mzima. "Niliposikia trekta jana alfajiri, nilijua ni nyinyi. Nilijifunika mto masikioni."

"Kwa nini hukuomba? Nani amewahi kukunyima kwetu?"

Mkewe ndiye aliyejibu.

"Mimi nilimkataza. Angeomba, ungeuliza ni ya nini." Alishika mkono wake wenye bandeji. "Nilikwenda kupimwa nimpe Nimia figo, Ña Wilfrida. Daktari akaniambia, mama, za kwako zenyewe zimekwisha. Majibu yalitoka siku ile ile. Kila wiki mtoto ananitumia ua la kuchora. Ningeanzaje kusema?"

Ña Wilfrida alikuwa ameshuka kutafuta mhimili wa chuma, akaupata, na mikononi mwake ukavunjika ule mwingine, tumaini la figo, ambao nyumba nzima ilikuwa ikiuegemea.

"Na la kijivu," aliuliza, "ulituchagulia sisi, au ulijichagulia?"

"Niliwachagulia nyinyi," alisema Arsenio. "Lakini niliwaza. Siwezi kuapa kwamba sikuwaza."

"Inuka. Fungua hiyo propela. Kesho ni Jumatano."

Derlis alilileta la kijivu, na taa na spana. Hakumsalimu kompadre wake. Walilala ubavu kwa ubavu chini ya magari mawili, wakipeana bolti.

Jioni Nimia aliuliza, na bibi yake hakumficha. Mtoto alitazama dari.

"Kwa hiyo madrina naye hanywi maji?"

"Hanywi."

"Na Alhamisi ataendaje?"

Mawazo ya Ña Wilfrida hayakuwa yamefika huko. Alikuwa bado kwenye hasira. Alikaa kitandani, na safari hii hakubonyeza ile miguu.

"Kwa gari letu," alisema. "Siku zake hizo tatu halina kazi."

Jumatano mvua ilikuwa ile ile na tope lile lile. La kijivu lilifika chini ya mlima, likapita gereji, ambapo jeupe lilikuwa juu ya mawe. Arsenio alisimama mlangoni, hakuthubutu kupunga mkono. Derlis alitaka kukunja kona, akazima waipa kwa makosa, akatukana kidogo, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yaliuma udongo. Lilipanda.

Kule juu hakuna aliyepiga makofi. Nimia alikuwa amejilaza kwenye mapaja ya bibi yake, kalamu mkononi, akichora maua kwenye kitambaa kipya cha samawati ambacho hakikuwa chake, bali cha madrina, cha Alhamisi.