Mawese Kwenye Beringi

"Tusimame wapi? Hapa hatusimami."

"Bosi, sikiliza. Gari linasaga."

"Lisage. We endesha."

"Likikatika je?"

"Likikatika na wewe unakatika," Jubilate alifoka, akamkandamizia bastola ubavuni. Tokarev. Imeshakokiwa.

Shabani akakanyaga mafuta.

Hilux ikaiacha Bujonde na vumbi lake. Kwa Jubilate, mnunuzi wa kakao, Shabani alikuwa dereva wa kukodi tu, kijana wa Mbugani. Kumbe jasusi wa serikali. Alijua kabisa chini ya magunia ya kakao kuna baruti. Asichojua ni zinakokwenda.

Redio ya Jubilate, Motorola, ikakoroma.

"Mko wapi?"

"Tunaingia Ngonga."

"Fanya haraka, meli inajaa. Saa ya bomu lako utaitega hapahapa bandarini. Ikilipuka abiria wawe katikati ya ziwa."

"Na wazungu wanaotulipa?"

"Wameshasema. Meli ikizama, mizigo yote ya ziwa wanabeba wao kwa meli zao."

Shabani akasikia yote.

Mama yake, Mwasiti, alikuwa ndani ya meli hiyo na marobota yake ya vitenge.

Krrrrr, gari likasaga.

"Bosi, niache nilipime. La sivyo hatufiki."

"Pima huku unaendesha."

Akatoa mguu kwenye mafuta. Krrrrr. Si injini.

Akatoa gia, Hilux ikateleza yenyewe. Krrrrr. Si giaboksi.

Akagusa breki. Kelele ileile. Si breki.

Akakata usukani kulia, uzito wote ukalalia kushoto. Hapo gari likasaga nyuma mpaka viti vikatetemeka.

Beringi. Tairi la nyuma, kushoto.

Halafu harufu ikaingia dirishani, kama mtu anakaanga ndizi.

"Beringi mliipaka nini?"

"Mawese," Jubilate alijibu, kama kaulizwa kitu cha kijinga. "Grisi haikuwepo dukani. Bibi yangu kapaka mawese baiskeli yake mpaka kafa."

"Bibi au baiskeli?"

"Gwe kijana, usinichezee."

Mawese yakipata moto yanakuwa maji. Yalikuwa yameshavuja yote, beringi kavu. Ikisukumwa kidogo tu, inakwisha.

Ila juu ya tairi lile ndiko zilikokaa baruti.

Shabani akamuwaza mama yake. Akakata kulia tena.

"Unafanya nini?"

"Napima."

Kushoto. Kulia.

"Acha kupima."

"Bado sina uhakika, bosi."

Kulia, mpaka mwisho.

Tairi likachomoka. Likawapita, likaingia kwenye mpunga wa watu. Hilux ikaburuza tumbo, ikatumbukia shambani. Jubilate akagonga kichwa kwenye dashibodi, Tokarev ikamtoka.

Shabani akaiwahi. Akatoa pingu. Mkono mmoja wa Jubilate kwenye usukani.

Moshi.

Nyuma mawese yaliyovuja yalikuwa yanawaka. Moto unalamba bodi.

"Nifungue, ndugu yangu. Tutalipuka wote."

Shabani alishapita dirishani. Akachota tope la mpunga kwa mikono, akabandika. Akachota tena. Vidole vikaungua. Akabandika mpaka moto ukafa.

Akarudi kwenye kiti chake. Akachomoa redio yake chini ya kiti.

"Tusekile."

"Sema," mwenzake wa bandarini akajibu.

"Kuna mtu ana Motorola hapo, anasubiri kakao. Mkamate."

"Sawa. Meli iondoke?"

Shabani akamgeukia Jubilate. "Kuna gunia lilitangulia?"

Jubilate akatabasamu, damu mdomoni. "Kaiulize meli."

Shabani akabonyeza redio.

"Tusekile, shusha watu wote."

"Wakigoma?"

"Waambie injini imeharibika. Kuna mama wa vitenge, Mwasiti. Huyo atagoma tu. Mbebe."

Redio inakwaruza tu. Shabani akatazama upande wa ziwa, anaogopa kusikia mshindo. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta.

"Shabani."

"Nipo."

"Tumemkamata. Gunia moja lilishapanda, lina saa yake. Tumeikata, gunia limeshatolewa."

"Na yule mama?"

"Yuko chini. Anatutukana."

Shabani akafumba macho. Mama yake mpaka leo anamsema kwa majirani: mwanangu dereva tu, hana mbele wala nyuma.

"Gwe," Jubilate akauliza polepole. "Kwani we nani?"

"Dereva."

Akashuka, akafunga mlango.