Ubani Ukingoni mwa Bwawa

Perege walikuwa wameelea matumbo juu bwawa zima, na nzi walikuwa wameshapata habari.

Inspekta Daoud, mzaliwa wa Mahabibo kule Mahajanga aliyehamishiwa kisiwa cha Nosy Be mwaka wa pili wa uhuru, aliinama akaokota jani lililopondwa. Akalinusa.

"Utupa. Sumu ya kuvulia. Nani adui yako?"

"Sina adui," alijibu Houmadi, mwenye bwawa. "Kesho ni arobaini ya mwanangu. Samaki hawa ndio kitoweo cha hitima. Nitawalisha nini watu, Bwana Inspekta?"

Mwanawe, Djaanfar, alikuwa amezama katika bwawa hilo hilo. Daoud ndiye aliyeandika ripoti, na tangu siku ile roho ilikuwa ikimuuma.

Alizunguka ukingo. Mwizi anayetia utupa huja na kapu. Hapa hakuokotwa samaki hata mmoja. Kisha, chini ya mgomba, akaona kigae chenye makaa yaliyozimika. Akakinusa nacho. Ubani.

"Mtoto alitumbukia wapi hasa?"

"Hapo uliposimama."

"Nani anapajua?"

"Mimi. Na mamake." Houmadi akageuka kutazama kibarazani.

Echata, mkewe, alikuwa ameketi kibarazani. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Mama, jana ulitwanga nini?"

"Utupa."

"Kwa nini?"

Alimjibu mumewe, si askari. "Mwanangu alilala majini usiku kucha, sisi tukimtafuta sokoni na bandarini. Samaki wale ndio waliokuwa naye. Wewe ulimwosha, Houmadi. Uliviona vidole vyake. Halafu tuwaite watu, tuwale samaki hao kwenye hitima yake? Nilimfukizia ubani kwanza, nikamwomba radhi kwa kutia sumu pale alipolala."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema maskini hana mwiko."

Houmadi alifunika uso. "Sikuwa na kingine cha kumfanyia," alisema.

Kazi ni kazi, lakini ulimi wa Daoud haukutaka kuuliza.

"Mlalamikaji ni wewe, Houmadi. Niandike nini?"

Houmadi alichukua jembe, akashuka bwawani, akaanza kuubomoa ukingo alioujenga mwenyewe. Echata alimfuata, akapiga magoti, akawa anaondoa tope kwa viganja vile vile vilivyochubuka.

"Andika bwawa ni langu," Houmadi alisema bila kugeuka. "Na nimelivunja mimi."