Kopo Moja, Watu Wawili

Idarous alikuwa fundi cherehani mtaani Makongeni, Thika, mwaka wa 1999. Kila asubuhi na kila jioni alifungua kopo lake la dawa za virusi vya ukimwi, akatoa kidonge kimoja, akakitia mkononi mwa mkewe, Ruqayya.

"Na wewe, Baba Firdaus?"

"Mimi nimeshameza changu. Meza."

Uongo mtupu. Kopo lilitoka kliniki moja ya Ruiru, kwa jina lake peke yake. Ruqayya naye alikuwa na virusi, amekonda mpaka nguo zinamvuka. Idarous aliamini kwamba nyumba moja hupewa kopo moja. Hakuuliza. Kwao watu hula sinia moja, na mnofu husukumwa upande wa mgonjwa. Akaisukuma na dawa.

Mwezi wa tatu tangu apewe kopo, Sista Wamboi wa kliniki alitazama karatasi ya maabara, kisha akamtazama yeye.

"Haiya, Baba Firdaus! Dawa unameza?"

"Kila siku, sista."

"Hii dawa yako, AZT, ina tabia yake. Ukiimeza sawasawa miezi miwili mitatu, chembe nyekundu za damu huwa kubwa kuliko zamani. Tunazipima. Zako ziko vile vile."

Idarous akawaza upesi. Akisema kweli, kopo litachukuliwa, na Ruqayya atakufa.

"Labda mashine yenu imekosea."

"Labda. Tena yapo mambo mengine yanayoweza kuzizuia zisikue. Ndiyo maana sikushtaki, nakuuliza." Akasogeza kiti karibu. "Nani anameza?"

Idarous aliinamisha kichwa. "Mama Firdaus. Sista, msimnyime! Heri nife mimi."

"Ngai! Nani amesema mtu afe? Mapenzi hayana kipimo, dawa inacho. Wewe unaisha bila dawa. Naye anameza bila kupimwa, na dawa hii yaweza kumpunguzia damu tusijue. Mlete kesho. Tutampima na kumwandikisha, kila mtu awe na kopo lake."

Ruqayya alikuja kesho yake. Aliposikia yote, alimgeukia mumewe, macho yamejaa machozi.

"Kumbe ulitaka nijitie ujane kwa mkono wangu mwenyewe?"

Tangu siku hiyo walimeza pamoja, wakikaguana midomo kama watoto.

Miezi mitatu ikapita. Idarous alipata nguvu, akarudi kushona kutwa nzima. Siku ya majibu walikaa wawili mbele ya Sista Wamboi.

"Baba Firdaus, chembe zako zimekua. Dawa inafanya kazi yake."

"Na zangu?" Ruqayya akauliza.

"Zako ni kubwa zaidi kidogo."

"Umesikia, mume wangu? Nimekushinda!"

Idarous aliruka kitini. "Sista, mwambie ukweli! Huyu alinitangulia kwa dawa zangu!"