Namba ya Chaki

Kila siku baada ya masomo, Redio alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani, kabla ya kwenda nyumbani. Alifagia vipande vya kitambaa, akapanga vifungo kwenye makopo yake, kisha akafumua mishono iliyokosewa. Jina la Redio alipewa na wenzake wa darasa la sita, nalo lilimkaa sawasawa. Jambo likiingia sikioni mwake saa nne, saa tano mtaa mzima ulikuwa nalo. Hakuwa mtoto mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango.

Zamani kazi ya kufumua ilikuwa ndogo, maana fundi hakuwa mtu wa kukosea. Alishona huku akiimba na kutaniana na mdogo wake, cherehani zao mbili zikitazamana. Kisha baba mdogo akaugua, na wiki mbili hazikuisha akafariki. Cherehani yake ikafunikwa shuka la kijani. Tangu hapo miezi mitano ilikuwa imepita na fundi hakuimba tena. Usingizi ulimpotea, chakula alikichokonoa tu, na mteja alimwita mara mbili tatu ndipo ashtuke.

Siku moja Redio alikunjua shati jipya la sare ili alipige pasi, akaona kioja. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto! Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akawasimulia wenzake shuleni, na jioni wavulana wawili wakapita mlangoni wakiuliza kwa sauti, "Fundi, eti unashonea watu wenye mikono miwili ya kushoto?"

Fundi aliweka mkasi mezani akaketi, macho yake kwenye lile shuka la kijani.

"Baba, nisamehe," Redio alisema. "Ni mimi niliyesema."

"Wamesema kweli, mwanangu. Nilikata kitambaa, hata sijui nilikuwa wapi." Akausukuma mkasi kando. "Afadhali nifunge kibanda. Kazi imenishinda."

Redio aliogopa. Baba yake bila kibanda angekuwa nani?

Wiki hiyo mwalimu wa afya aliingia darasani na bango, akalibandika ukutani. Lilikuwa na namba ya simu yenye tarakimu chache. "Hii ni ya bure," alieleza. "Mtu aliyelemewa na huzuni au hofu anapiga, anapokelewa na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Halazimishwi kutaja jina."

Redio akanyoosha kidole. "Mwalimu, na huyo anayesikiliza akienda kusimulia?"

Darasa zima liliangua kicheko. Nani alijua kusimulia kama yeye?

"Swali zuri," mwalimu alisema, naye akitabasamu. "Hasimulii. Kutunza siri ndiyo kazi yake. Ila akiona maisha ya mtu yako hatarini, hapo atatafuta msaada haraka. Hiyo nayo ni kumlinda."

Jioni ile Redio alisubiri mteja wa mwisho aondoke. Akachukua chaki ya fundi, ile bapa ya kuchorea kitambaa, akaandika namba kwenye kona ya meza ya kukatia. Akamweleza baba yake yote aliyoyasikia.

"Mimi si kichaa," fundi alisema.

"Si ya vichaa, baba. Ni ya mtu aliyelemewa."

"Na nikiyasema yangu, kesho niyasikie kwa kinyozi?"

Redio aliinamisha kichwa. Alimjua vizuri aliyemfanya baba yake aogope. Uso ulimchoma kwa aibu.

"Wao si mimi, baba," alisema polepole. "Na hii ni chaki. Usipoitaka, futa tu."

Kesho yake aliikuta namba palepale. Fundi alikuwa ametandika kitambaa pembeni, kona ile hakuigusa. Siku ya tatu, Redio alipoingia tu, baba yake alichukua simu, akamtazama.

"Kaa nje, mwanangu. Asiingie mtu."

Akarudisha mlango. Redio akavuta kigoda, akaketi. Sauti ya baba yake ilisikika kwa mbali, ikikatika, ikianza tena. Akasogeza kigoda mbali zaidi, asisikie maneno.

Mara akatokea Mama Vyombo, muuza sufuria wa kibanda cha pili, mwenye masikio yasiyopumzika. "Mbona mlango umefungwa mchana? Fundi anaumwa?"

Maneno yalimfika Redio kwenye ncha ya ulimi. Yalikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Akameza mate.

"Ana shughuli, mama. Rudi baadaye kidogo."

"Shughuli gani?"

"Ya kwake."

Mama Vyombo alishika kiuno. "Makubwa! Leo Redio imeishiwa betri!" Akaondoka akicheka.

Fundi alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu, lakini mabega yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Namba alikuwa ameinakili kwenye daftari la vipimo. Alichukua lile shati, akampa Redio afumue mkono mmoja, na yeye akaanza kukata wa kulia.

"Nimelia leo," alisema. "Tangu tumzike mdogo wangu sikuwa nimelia. Nitapiga tena Alhamisi, na wamenielekeza kwa mshauri wa pale zahanati. Huzuni haijaisha, lakini kibanda sifungi."

Redio alitaka sana kuuliza wamezungumza nini. Akafumua uzi, akanyamaza.

"Nisikilize, mwanangu," fundi aliendelea. "Mguu ukiuma tunakimbilia kwa daktari, ila moyo ukiuma tunaona haya. Mimi nilificha, karibu nipoteze kazi yangu. Kuomba msaada si aibu. Na mtu akikuamini neno lake, litunze kama ulivyotunza langu leo. Ila ukiona mwenzako anazama, usikae kimya, mwambie mtu mzima unayemwamini."

"Nimesikia, baba." Redio akasita. "Lakini... hii niwaambie wenzangu?"

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, cha kwanza baada ya miezi mitano, na Redio nusura alie kwa furaha.

"Namba itangazie dunia nzima, Redio," alisema. "Yangu niachie mwenyewe."