Muuguzi Mfawidhi

Tone la rangi nyekundu lilimdondokea Maulida begani, kwenye gauni lake jeupe la kazi, pale sokoni watu wamejaa tele. Juu ya ngazi alikuwa Saadi, mchora mabango.

"Shuka," Maulida alisema, wala hakupaza sauti.

Saadi akashuka. Na jamani, siku ile kazi haikuendelea tena, alikuwa keshapenda.

Wakawa wanapigiana simu kupitia duka la jirani, mwenye duka katega masikio. Ndiyo miaka zahanati za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa, na Maulida, muuguzi wa miaka tisa, akakabidhiwa moja huko Elerai aiendeshe. Daktari alikuja Jumatano tu. Siku nyingine zote mwenye kauli ni Maulida.

Saadi akataka kumfurahisha. Akamchorea bango la buluu, herufi za kupendeza: DAKTARI MAULIDA. Maulida kuliona tu, akalipaka chokaa lote.

"Mpenzi, nimekupandisha cheo," Saadi alilalamika.

"Umenishusha. Kwani muuguzi hawezi kuongoza mpaka aazime jina la mtu?"

Wiki tatu hakupokea simu. Mwenye duka alichoka kusema uongo kwamba hayupo, na Saadi alikonda, nasema kweli.

Alhamisi moja akaenda mwenyewe Elerai kuomba radhi. Akakuta mzazi aliyetoka kujifungua anavuja damu, mume anasema wasubiri daktari. Maulida akakataa katakata. Huyu akamtuma akatafute gari, yule akamkabidhi mtoto, kisha akamgeukia Saadi kama hamjui, akamwambia ashike machela. Saadi akashika. Wakamfikisha mzazi yule hospitali ya mkoa, akapona.

"Nilidhani nakupa ukubwa," Saadi alimwambia wakinawa mikono. "Kumbe unao siku zote. Nisamehe."

Maulida alimsamehe. Alimpenda, angefanyaje?

Barua ya posa ikafika kule Lemara kwa baba mdogo wa Maulida: "Tunamposa binti yenu Maulida, muuguzi mfawidhi." Mzee akavua miwani, akauliza mfawidhi ndiyo nini. Shangazi akamjibu kwamba ni mkubwa wa kituo. Mzee akaguna, akamwita Maulida mbele ya washenga.

"Sasa mwanangu, huko kwa mumeo ataongoza nani?"

"Kazini naongoza mimi, baba. Nyumbani tutaongozana."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Jibu la posa likaandikwa kwa maneno hayo hayo ya Maulida.