Tulia Hapohapo

Moshi wa ubani hupanda juu, hilo hata wewe uliyetoroka shule unalijua. Wa Mudrick uliinama. Ulitoka kwenye chetezo, ukapita juu ya sahani ya zabibu, ukaenda kujikusanya mlangoni.

Mudrick hakushtuka. Mudrick bwana! Fundi picha namba moja Nkuhungu nzima, kwa maneno yake mwenyewe. Harusi zilikuwa zimemchosha, sasa alitaka kupiga vitu vilivyotulia, picha ambazo wenye mashamba ya zabibu wangezigombania. Mchana huo alijifungia chumba cha nyuma, dirisha la nondo akalifunika nusu kwa blanketi, mezani akapanga zabibu, glasi ya maji, na chetezo cha kufukizia cha bibi yake, Kuluthumu. Hakukiomba. Ubani aliuwasha kwa ajili ya moshi tu, maana moshi hupendeza.

Alikuwa anajaribu tundu la lenzi. Ukilipanua, zabibu moja inatoka kali na nyuma yake kote ukungu. Ukilibana, ule ukali unarudi nyuma taratibu, kutoka zabibu hadi glasi, hadi ukutani. Mtu akishalijua hilo anajiona kaumba dunia, na Mudrick hakuhitaji kusukumwa sana.

"Safi hapo," aliuambia moshi wa mlangoni, kama anavyowaambia maharusi. "Tulia hapohapo. Usitoke mpaka nikuambie."

Kacha.

Kwenye kioo cha kamera zabibu ilitamanisha. Nyuma yake, mlangoni, palikuwa na doa refu jeusi. Akainua macho: mlango wa bluu, komeo, basi. Akabana tundu, akapiga tena. Glasi ikatoka wazi. Doa likaota mabega. Hapo ndipo ilipoingia harufu ya mvua, udongo uliolowa, Agosti hiyo, Dodoma hii ya vumbi hadi kwenye meno. Akabana mpaka mwisho, akapiga, na picha ikatoka wazi kuanzia zabibu ya mbele hadi misumari ya mlango, ila misumari mingine haikuonekana, kwa sababu mbele yake alikuwa amechuchumaa mtu mrefu, magoti yamepita masikio, katulia tuli kama aliyeambiwa atulie, akiitazama lenzi.

Macho matupu hayakuona kitu. Mudrick akauendea mlango, mkono mbele, akijiambia kuwa ni kamera imeharibika, ni joto, ni njaa, lakini kabla vidole havijafika kwenye komeo viligusa manyoya ya moto yaliyolowa, kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na manyoya yale yakapanda na kushuka, yakapanda na kushuka, yakipumua polepole.

"Hamida!" Sauti ilimtoka kama ya kifaranga. "Mke wangu, njoo dirishani."

Hamida alikuja na unga mikononi. "Fundi wa dunia nzima, mlango umekushinda?"

"Kuna mtu."

"Mtu yupi? Nimepita hapo sasa hivi."

Akamwonyesha kamera kati ya nondo. Hamida aliacha kucheka, akakimbia kumwita bibi.

"Shikamoo, bibi," Mudrick alinong'ona bibi alipofika dirishani.

"Marahaba. Chetezo changu kinafanya nini hapo?"

"Nilikuwa napiga picha."

"Umefukizia shida gani?"

"Hamna shida, bibi. Moshi tu."

Bibi Kuluthumu akafumba macho. "Kwetu Kondoa ubani haufukizwi bure. Anayekuja hulishika neno la kwanza analoambiwa. Ulimwambia nini?"

Akasema. Hamida akajishika kichwa. "Yaani jini kaja, wewe ukamwambia akae?"

"Nyamaza, mama," bibi alisema chini chini. "Mudrick, tia ubani mwingine. Mwambie aende, kwa heshima. Halafu weka hiyo kamera chini, ukae kimya mpaka apite."

Mudrick akatia. "Nenda zako, mgeni wangu," alisema. "Samahani kwa usumbufu."

Harufu ya mvua ikapungua. Komeo likajifungua lenyewe, mlango ukaachama, mwanga wa ukumbini ukaingia. Mudrick akapumua. Na alipopumua tu, akarudi kuwa Mudrick yule yule: nani Nkuhungu angemwamini bila picha nzuri?

"Weka chini!" bibi alifoka kwa mnong'ono.

"Moja tu, bibi. Ya ushahidi."

Akainua kamera. Kwenye kioo, yule mrefu alikuwa ameshavuka kizingiti, mgongo huku, kisha shingo ikageuka taratibu, ikageuka kupita shingo inavyogeuka, na sauti ikatoka, ya Mudrick mwenyewe, ya kubembeleza maharusi:

"Safi hapo. Tulia hapohapo. Usitoke mpaka nikuambie."

Kisha akaenda.

Hamida aliingia mbio, akamvuta mumewe mkono. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme. Macho tu ndiyo yaliyocheza, yakiuangalia mlango ulio wazi.

"Bibi, mwambie atoke!"

"Si mimi niliyemwambia akae."

Bibi alitia ubani, akaita. Akatia tena, akaita mpaka sauti ikakauka. Lakini mgeni alikuwa ameambiwa aende, naye alikwenda kwa utii ule ule aliokaa nao. Moshi ulipanda juu, wima, kama moshi wa nyumba yoyote.