Vumbi la Ua la Bibiana

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kurina asali ya mzinga wangu wa kwanza katika kijiji kipya. Ilikuwa Oktoba ya mwaka sabini na nne, miezi miwili tangu malori ya serikali yatutoe Mgolole, kijiji chetu cha zamani, na kutushusha kando ya barabara ya Zombo. Nyuki wa kwetu ni wakali, hawaguswi mchana. Nilifukiza moshi, nikakata masega mawili, nikarudi nyumbani.

Kazi yangu, kule na hapa, ilikuwa kupima damu na makohozi kwenye zahanati. Hadubini ilikuwa mikononi mwangu, na mganga aliniruhusu kuitumia baada ya kazi kwa jambo nililolipenda: kutazama chavua, lile vumbi la maua wanalobeba nyuki. Bwana Nyuki wetu, ofisa wa ufugaji nyuki, Lupakisyo, ndiye aliyenifundisha. Unayeyusha kijiko cha asali kwa maji ya uvuguvugu, unaacha mashapo yatuame, unadondosha tone kwenye kioo, unalikausha juu ya taa ya spiriti, unatia rangi nyekundu na kulifunika. Kila ua lina chembe za umbo lake. Ukiyajua maumbo, asali yenyewe inakwambia nyuki wamekula wapi.

Maua nilikuwa naletewa na mke wangu, Bibiana. Kule Mgolole tulitengeneza vioo arobaini, ambavyo nilihama navyo: mkonge, alizeti, msufi, ukwaju... Majina yote aliyaandika yeye kwa penseli. Kioo cha mwisho alikiandika “Ua langu.” Ulikuwa mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu, mbegu alipewa na sista mmoja huko Lumuma, akaupandisha kwenye ukuta wetu. Sijawahi kuuona kwingine. Chembe yake ilikuwa ya mviringo, yenye mfuo ulioizunguka kama gamba la konokono.

Bibiana alifariki mwezi wa tatu, wiki moja baada ya kujifungua mtoto ambaye hakulia. Tulimzika nyuma ya nyumba. Mwezi wa nane tukahamishwa. Nyumba zilitiwa moto sisi tukiwa tayari kwenye lori, na mimi niliuona ule mmea ukiungua.

Jioni ya pili nikatengeneza kioo cha asali yangu mpya. Nikainamisha jicho.

Konokono.

Kioo kizima kilijaa konokono wadogo wekundu. Hapakuwa na alizeti wala mkonge. Nikadhani nimechanganya vioo. Nikaosha kila kitu kwa maji yaliyochemka, nikaanza upya.

Konokono tena.

Kesho yake nilimwonyesha Lupakisyo. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama kioo alichokiandika Bibiana.

“Ni ua lilelile,” alisema. “Liko wapi hapa kijijini?”

“Halipo. Lilikuwa Mgolole.”

“Vitalis, Mgolole ni maili kumi na tano. Nyuki hawaendi hata tano.”

“Najua.”

Aliufunga mkoba wake bila kuniangalia. “Asali hiyo usimpe mtu,” alisema.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mwanangu Verdiana amekaa kizingitini. Alikuwa na miaka sita. Tangu tuhamie alikuwa akikonda, na mama mkwe wangu, Bibi Costancia, aliyekuwa akinilelea mtoto, alishindwa kumlisha. Kila akiwekewa uji alisema ameshiba. Majirani walikwisha kuanza kunong'ona kwamba bibi anamla mjukuu wake. Mama mmoja aliacha kabisa kumwamkia.

Jioni ile nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa. Mistari midogo, iliyonyooka, na harufu ya mafuta ya nyonyo.

“Nani kakusuka?”

“Mama.”

“Bibi?”

“Hapana. Mama.”

Nilimtazama Bibi Costancia. Alinyanyua mikono yake, vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Vidole vile vilikuwa havijasuka mtu kwa miaka mingi.

Katikati ya mistari ya nywele palikuwa na vumbi la manjano. Nililifuta kwa pamba... nikaenda nalo zahanati... nikavunja kioo kimoja kwa haraka.

Sitasema nilichokiona. Umekwisha kujua.

Niliporudi, Bibi Costancia alikuwa ananingoja uani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeona nini?”

Nikamweleza. Hakushtuka. Alikaa chini polepole, akavuta khanga usoni.

“Hatukumuaga,” alisema. “Siku ile ya lori hakuna aliyekwenda kaburini kumwambia. Mwanangu alirudi kwake, akakuta majivu. Akamtafuta mtoto. Sasa amempata, na anamlisha chakula cha huko. Anayekula cha huko, cha hapa hakimwingii tena.”

“Anataka kumuua?”

“Hajui kama anamuua. Anadhani anamlea.” Alilia bila sauti. “Nenda, baba. Mimi nitamshika mtoto. Mwambie tuliko, kisha umwombe.”

Kesho yake alasiri nilichukua baiskeli na unga wa mtama wa tambiko kwenye kitambaa. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa. Vichaka vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Nilifika Mgolole kiza kikianza kushika. Nyumba zote zilikuwa madoa meusi. Hakuna jogoo, hakuna mbwa. Harufu ya majivu ya zamani tu.

Kisha nikausikia muungurumo.

Mzito. Kama mzinga mkubwa. Ulikuwa unatoka ardhini.

Kaburi la Bibiana halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na majani mabichi na maua ya buluu, mamia, katika nchi iliyokauka hivyo. Na pale ilipokuwa nyumba yetu...

Fyaa... fyaa... fyaa...

Mtu alikuwa anafagia.

Mwanamke. Alinipa mgongo. Alifagia majivu, akayasogeza, akayafagia tena pale pale.

Niliilaza baiskeli chini.

“Bibiana,” nilinong'ona.

Ufagio ukasimama. Hakugeuka.

“Mlikwenda wapi?” Sauti ilikuwa yake, ila ilikuja na ule muungurumo. “Niliondoka kidogo tu. Niliporudi hampo.”

“Tulihamishwa. Hatukupewa nafasi. Tuko Zombo, barabarani. Nisamehe.”

“Mtoto hali kwenu.”

“Hali kwa sababu unamlisha wewe. Amebaki mifupa, Bibiana. Ukiendelea utamchukua.”

Maua yalitikisika, na hapakuwa na upepo.

“Nimwache na nani?”

“Na mama yako. Na mimi.”

“Na mimi nibaki na nani?”

Nilikuwa mumewe miaka minane, na nilisimama pale kama gogo. Nilipiga magoti, nikanyunyiza unga kwenye yale majani, nikamwomba kwa jina la yule mtoto ambaye hakulia aniachie huyu mmoja.

Nilipoinua uso, ufagio ulikuwa umelala juu ya majivu. Muungurumo ulikuwa umekoma. Nilikaa hapo hadi kulipokucha, kwa sababu sikuweza kumwacha kwa mara ya pili bila kuaga. Jua lilipotoka, nilimuaga. Maua yalikuwa yamefumba yote.

Nyumbani nilimkuta Verdiana jikoni. Nywele zake zilikuwa zimefumuka, na alikuwa anakula ugali kwa mikono miwili. Bibi Costancia aliniangalia, akafunika mdomo kwa khanga, akatoka nje kulia.

Mtoto alinenepa. Majirani walirudi kuamkia. Lakini kadiri alivyopata nguvu, alimsahau mama yake. Kwanza sauti, halafu sura, halafu kwamba aliwahi kuwa naye. Bibi Costancia akawa ndiye mama. Nilipomwonyesha picha pekee tuliyopiga Kilosa mjini, aliuliza kama ni shangazi. Sikumsahihisha. Nilihisi huo ndio uliokuwa mkataba, mtoto aishi na mama asahauliwe, ingawa hakuna aliyenisomea.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, nilikuwa namfunga vifungo vya sare ya shule.

“Baba, Bibiana ni nani?”

Nilikiachia kifungo. “Jina hilo umelisikia wapi?”

“Unaliita ukilala. Kila siku.”

“Ni ndoto tu, mama. Nitajitahidi nisikuamshe.”

“Huniamshi wewe,” alisema Verdiana. “Ananiamsha yeye akiitika.”

Nilimaliza vifungo vyote, nikamkabidhi daftari, nikasimama mlangoni nikimwangalia hadi alipopinda kwenye mihogo. Kisha nikaingia ndani, nikakitandika kitanda changu, upande wangu na ule mwingine.